Kujifunza kughani shigin: mwongozo wa anayeanza na shairi moja la Kijapani

Anayesikia shigin kwa mara ya kwanza hunaswa na sauti. Mghani amesimama wima, anatamka maneno machache karibu kama anayezungumza, kisha irabu ya mwisho inavutwa: inapanda, inatikisika, inashuka, na filimbi ya mianzi iitwayo shakuhachi inaifuata nyuma. Wengi hudhani kazi yote iko kwenye huo mvuto, wakakimbilia kuuiga. Msimamo wangu ni kwamba shigin ni ughani wa shairi, na asiyelijua shairi neno kwa neno, hata akiwa na sauti nzuri namna gani, atakuwa anavuta irabu tupu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye maneno. Muziki utafuata.

Kwanza tujue tunachoghani. Sehemu kubwa ya shigin ni kanshi, yaani mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina, ama na washairi wa China wenyewe ama na Wajapani waliosomea elimu ya Kichina. Wajapani hawayaghani kwa Kichina. Huupanga upya mfuatano wa maneno, wakaongeza viunganishi na viishio vya vitenzi, shairi likawa la Kijapani. Ughani wa namna hii ulipata umbo lake mwishoni mwa enzi ya Edo (1603–1868), hasa shuleni: katika chuo cha Shoheizaka jijini Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, na katika Kangien, shule ya mwalimu Hirose Tanso (1782–1856) huko Hita, kisiwani Kyushu. Karne ya 20 ilileta vyama vingi, na kila kimoja kina mkondo wake wa kughani, yaani ryuha. Katika miaka ya vita ya 1930 na 1940 sanaa hii ilitumika pia kuchochea ari ya kijeshi. Ni vizuri mwanafunzi alijue hilo, kwa sababu atakutana na mashairi mengi ya panga na majeshi. Lakini hazina ya shigin ni pana kuliko hapo. Ina milima, mvinyo, marafiki wanaoagana na usiku wa safari.

Hatua ya 1: Chagua shairi moja la mishororo minne

Anza na zekku, shairi la mishororo minne, ya aina ambayo kila mshororo una herufi 7 za Kichina. Mimi nakushauri shairi la Zhang Ji, mshairi wa China wa karne ya 8, enzi ya Tang, alilotunga akiwa amelala kwenye mashua karibu na mji wa Suzhou. Huko Japani ni miongoni mwa mashairi yanayopendwa sana na waghani, kwa hiyo hutakosa rekodi za kusikiliza. Nimeliandika kwa kurudia irabu ndefu, kama tunavyoandika Kiswahili:

Tsuki ochi karasu naite / shimo ten ni mitsu
Koofuu gyoka / shuumin ni taisu
Koso joogai / Kanzanji
Yahan no shoosei / kakusen ni itaru

Maana yake, kwa ufupi: mwezi umetua, kunguru analia, sakitu imejaa mbinguni. Miti ya majani mekundu kando ya mto na mioto ya wavuvi inautazama usingizi wa majonzi. Nje ya mji wa Koso kuna hekalu la Kanzan. Usiku wa manane mlio wa kengele unafika kwenye mashua ya msafiri.

Koso ni jina la kale la Suzhou. Hekalu lipo hadi leo, na wageni kutoka Japani huenda kuisikiliza kengele yake mwaka unapoisha.

Hatua ya 2: Lijue shairi kabla ya kufungua mdomo

Usiridhike na tafsiri ya juujuu. Jiulize mshairi yuko wapi, ni saa ngapi, anasikia nini kwanza na nini mwisho. Mshororo wa kwanza una macho, sikio na ngozi kwa pamoja: mwezi, kunguru, baridi. Wa pili unatuonyesha mtu asiyepata usingizi. Wa tatu unatuondoa mashuani ghafla, unataja mahali tu, jina la hekalu, bila kitenzi hata kimoja. Wa nne unaleta kengele.

Mpangilio huu una majina yake: ki, sho, ten, ketsu. Kufungua, kuendeleza, kugeuza, kufunga. Yashike vizuri, kwa sababu sauti yako itapanda na kushuka kwa kuyafuata. Mara nyingi kilele cha sauti kiko kwenye ten, mshororo wa tatu.

Msomaji aliyezoea mashairi ya Kiswahili atatafuta vina na mizani, na ana haki. Katika Kichina vina vilikuwapo mwishoni mwa mishororo ya 1, 2 na 4. Yaliposomwa Kijapani, maneno hayo yalisogea ndani, lakini bado unaweza kuyasikia: ten katika mshororo wa kwanza, min ya shuumin katika wa pili, sen ya kakusen katika wa nne. Yote yanafungwa na n. Mizani nayo imevunjika kabisa. Zilikuwa herufi 7 kila mshororo, sasa ni mizani 17, 14, 11 na 16. Usijaribu kuzilinganisha kwa kukimbiza mishororo mirefu. Mshororo wa tatu, ulio mfupi kuliko yote, ndio wenye nafasi kubwa ya kuvutwa, na huo ndio uzuri wake.

Hatua ya 3: Matamshi

Hapa Mswahili ana mtaji mkubwa, na pia ana mazoea mawili matatu ya kuacha.

Mtaji kwanza. Irabu ni zile zile tano. Irabu ndefu unazijua kutoka kaa na choo. Herufi n inayojitegemea unaijua kutoka nchi na nta. Katika Kanzanji kuna mizani tano, ka-n-za-n-ji, na kila n inapewa muda wake kamili. Wanafunzi wengi wa lugha nyingine huimeza n hiyo, wewe huna sababu ya kuimeza.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa shigin hulisisitiza sana: g iliyo katikati ya neno hutamkwa puani. Joogai haisemwi kwa g ya gari, bali kwa ng' ya ng'ombe: joong'ai. Wajapani vijana wengi wa siku hizi hawaitamki tena hivyo katika mazungumzo, inabidi wafundishwe. Mwenye Kiswahili anayo tayari. Lakini g ya gyoka iko mwanzoni mwa neno, kwa hiyo hiyo hubaki ngumu.

Sasa ya kuacha. La kwanza ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wako utataka kusema kaRAsu na TSUki. Kijapani hakikazi, kinapandisha na kushusha sauti, na mahali pa kushuka hubadilisha maana: ame ikianza juu ni mvua, ikianza chini ni peremende. Kwa Kijapani sanifu karasu huanza juu kisha ikashuka, wakati tsuki na shimo huanza chini zikapanda. Mwalimu mzuri wa shigin atakusimamisha hapo hapo ukikosea, kwa kuwa ughani unapaswa kuulinda mpando huo wa neno ili msikilizaji aelewe kinachosemwa.

La pili ni irabu u. Itazame ilivyojaa kwenye shairi letu: mitsu, taisu, itaru. Mishororo mitatu kati ya minne inaishia na u, na ndiyo utakayoivuta kwa sekunde kadhaa. U ya Kiswahili huchongwa kwa midomo iliyosukumwa mbele. Ya Kijapani huachwa midomo imelegea, haikuviringwa. Simama mbele ya kioo useme u huku midomo imetulia. Sauti ikisikika kama imebanwa kooni, legeza taya, usiongeze nguvu. Kwa kweli hii u ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika shairi hili, nami ningeitengea muda kila siku kabla ya kugusa muziki wowote.

Kwa fu katika koofuu, meno ya juu yasiguse mdomo wa chini: puliza kati ya midomo miwili. Na sei katika shoosei hutamkwa karibu na see.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti, bila kuimba

Kila mshororo una ukwapi, kipande cha kwanza, na utao, kipande cha pili. Katika Kichina ukwapi una herufi 4 na utao 3, na nimeweka mkwaju (/) pale vinapoachana. Hapo ndipo utakapovuta pumzi.

Soma shairi zima kwa sauti ya kawaida, polepole, ukisimama kwenye mikwaju. Lisome mpaka uache karatasi. Katika darasa la shigin mwalimu hutamka kipande, mwanafunzi akakirudia, tena na tena, mdomo kwa mdomo. Kama huna mwalimu karibu, tumia rekodi: sikiliza kipande, simamisha, rudia. Masomo kwa simu ya video yanawezekana pia. Sauti huchelewa kidogo kwenye intaneti na huwezi kughani sambamba na mwalimu, lakini kwa ufundishaji huu wa kupokezana ucheleweshaji huo hausumbui sana.

Neno moja la tahadhari kuhusu rekodi. Chagua moja, ya mghani mmoja, ushikamane nayo. Ryuha ni nyingi na kila moja ina miondoko yake. Hata maandishi yao ya muziki hayafanani: pembeni ya herufi huwekwa mistari na alama ambazo mwanafunzi wa mkondo mwingine anaweza asizielewe. Ukichukua mshororo wa kwanza kwa huyu na wa tatu kwa yule, utapata kitu kisicho na mwenyewe.

Hatua ya 5: Mwili na pumzi

Simama, miguu imeachana kidogo, mabega yameshuka, kidevu hakijainuka. Pumzi iingie chini, tumbo na mbavu za pembeni zipanuke. Kifua kisiinuke. Toa irabu a kwa nguvu ya wastani, ukiishikilia sawasawa bila kutetemeka mpaka pumzi ikaribie kwisha, kisha ukate kabla hujaishiwa. Rudia kwa o, e, i, na mwisho u.

Shigin haihitaji kupiga kelele. Wanaoanza hupiga kelele kwa sababu wamesikia sauti nzito ya mabwana wa zamani wakadhani imetoka kooni. Koo likiuma baada ya mazoezi, umekosea mahali fulani. Pumzika siku hiyo.

Hatua ya 6: Tafuta ki yako

Ki hapa ni kimo cha sauti unachoghania, si ile ki ya mshororo wa kwanza. Waghani wa shigin huipima kwa hon. Hon 1 ni sauti ya la (A kwenye piano), na kila namba inayoongezeka hupandisha nusu toni: hon 4 ni do, hon 6 ni re, hon 8 ni mi. Kwa kawaida wanaume hukaa kwenye hon za chini, kama 1 hadi 3, na wanawake kwenye za juu, kama 6 hadi 8. Hata hivyo koo lako ndilo lenye kauli ya mwisho.

Jipime kwa mshororo wa tatu, kwa kuwa huko ndiko juu kabisa. Ghani Koso joogai. Koo likifunga, shusha hon moja, ujaribu tena. Kisha ujipime kwa mwisho wa mshororo wa nne, ambako sauti hushuka. Ikiwa itaru inapotea chini na kubaki pumzi tupu, umeshuka mno. Ki inayofaa ni ile inayokubali ncha zote mbili. Iandike namba yake, utaihitaji siku ya kukutana na mpiga ala.

Hatua ya 7: Sauti tano

Fungua programu ya piano kwenye simu. Gusa vitufe vyeupe tu, kwa mfuatano huu: mi, fa, la, si, do, kisha mi ya juu. Re na sol ziruke. Hii ndiyo ngazi ya shigin nyingi, na ladha yake ya huzuni inatoka kwenye hatua fupi mbili, mi kwenda fa na si kwenda do. Mi ndiyo nyumbani.

Zoezi la kwanza: shika mi kwa irabu a, panda la, kaa kidogo, shuka fa, rudi mi. Fanya hivyo mpaka fa yako isiteleze kwenda juu. Masikio yaliyozoea nyimbo za kwaya hutaka kuipandisha ikawa sol, na ikipanda ladha yote imeondoka. Zoezi la pili: tikisa sauti polepole kati ya la na si, kama mara tatu, kisha utulie kwenye la. Mtikiso huu huitwa yuri. Ni mpana na una subira. Ule mtetemo wa haraka wa waimbaji wa muziki wa kisasa haufai hapa.

Sasa rudi kwenye shairi. Tamka ukwapi karibu na usemaji, kwenye sauti moja au mbili tu, ukilinda mpando wa kila neno. Mvuto na mtikiso viweke kwenye irabu ya mwisho wa kipande. Mshororo wa kwanza uwe wa wastani, wa pili utulie zaidi kwa kuwa unasema habari za mtu aliyekosa usingizi. Wa tatu upande. Wa nne ushuke, na irabu ya mwisho ya itaru uipunguze kidogo kidogo, mlio wa kengele ufike mbali.

Shairi zima huchukua dakika mbili hivi. Ukimaliza kwa dakika moja, umekimbia.

Hatua ya 8: Ala

Shigin haina mapigo ya kuhesabu. Hakuna ngoma, hakuna moja-mbili-tatu-nne. Sauti inatangulia na ala zinaifuata. Ala za kawaida ni mbili. Koto ina nyuzi 13 juu ya ubao mrefu, na mara nyingi ndiyo inayofungua na kukupa ki. Shakuhachi ina matundu manne mbele na moja nyuma. Ya kawaida ina urefu wa sentimita 54.5, lakini mpigaji huwa na kadhaa za urefu tofauti, naye huchagua kulingana na hon utakayomtajia. Kazi yake ni kuitembelea sauti yako kwa nyuma, na kujaza pale unapovuta pumzi.

Ukibahatika kughani na mpigaji aliye hai, mwachie nafasi hiyo. Usiingie mshororo unaofuata kabla filimbi haijamaliza sentensi yake. Mtazame, sikiliza pumzi yake.

Wengi wetu tutatumia ala zilizorekodiwa, jambo ambalo hata Japani ni la kawaida sasa. Hapo mambo hugeuka: rekodi haikusubiri. Isikilize peke yake mara nyingi, bila kughani, mpaka ujue ni mlio gani wa koto unaokuitia mshororo wa tatu. Hakikisha pia umechukua rekodi ya hon yako. Kisha jirekodi ukighani juu yake na usikilize jambo moja tu kwa kila mzunguko: leo fa, kesho u ya mitsu, keshokutwa n za Kanzanji.

Hatua ya 9: Mbele ya watu

Inama kwa heshima, taja jina la shairi na mtunzi wake, subiri ala zifungue, ghani, inama tena. Mikono itulie. Usiigize kunguru wala kengele kwa mwili. Kuna sanaa mbili jirani zinazocheza wakati mghani akighani, kenbu ya upanga na shibu ya pepeo la kukunja, na wachezaji hao wamejifunza kwa miaka.

Shairi la pili

Ukiwa tayari kwa jingine, unaweza kuchukua waka, shairi fupi la Kijapani la mizani 31, ambalo katika shigin kwa kawaida hughaniwa likarudiwa. Lakini wengi watakushauri kanshi ya Rai San'yo (1781–1832) kuhusu vita vya Kawanakajima vya 1561, kati ya wakuu wawili wa majeshi ya Japani, Uesugi Kenshin na Takeda Shingen. Inaanza hivi: Bensei shukushuku, yoru kawa o wataru.

Kwa kuwa ni shairi la vita, wanafunzi huanza kwa ngurumo. Lisome kwanza. Ni usiku, jeshi linavuka mto kwa siri, mijeledi ya farasi imenyamazishwa adui asisikie. Shukushuku ni ukimya wenyewe. Anza chini, na nguvu uiweke akiba mpaka mshororo wa tatu, Ikon nari juunen ikken o migaki, ambapo upanga mmoja umenolewa kwa miaka 10 kwa ajili ya asubuhi hiyo, na bado, katika mshororo wa nne, adui akaponyoka.